Kila Mtu na Kikombe Chake

Mama mkubwa Kaltuma alishuka Entebbe
na tende kilo nne, na galoni la zamzam
lililoviringishwa kitenge kama mtoto mchanga,
na kikohozi ambacho hakukiandika kwenye fomu yoyote.

Sisi wa Bombo tulikuwa tumekodi basi dogo.
Wanawake wamevaa gurbaba za rangi ya embe,
vigelegele viko mdomoni, vinangoja mlango wa vioo.
Ukafunguka. Akatoka na barakoa,
akanyoosha kiganja: "Hapo hapo. Msinikumbatie."

Tukavimeza.

Fadmula, aliyekesha wiki tatu akimfumia tabaga nyekundu,
alifunga mikono kifuani, akasema ili asikike:
"Ameoshwa dhambi, sasa uchafu ni sisi."

Alikaa kiti cha nyuma, dirisha wazi,
upepo wa Matugga ukimpiga ushungi,
na kila alipokohoa
dereva aliongeza sauti ya kaswida.

Mambo ya Mina alinihadithia baadaye,
yeye ndani ya chumba cha uani,
mimi nje, juu ya ndoo iliyopinduliwa.
Hema moja, magodoro arobaini na moja,
mito imegusana kama meno.
Siku ya kwanza alikohoa Hawa Driciru wa Yumbe.
Siku ya pili, wale ndugu wawili wa Iganga.
Ya tatu hapakuwa na haja ya kuhesabu,
hema lenyewe lilikohoa,
turubai likipanda, likishuka.
"Labeka tuliitika kwa sauti za vyura,"
akasema, akacheka,
na kicheko kikamgeukia kifuani, kikamkamata muda mrefu.
Nilitazama ukuta.

Kabla ya safari alichomwa sindano ya uti wa mgongo;
ile ya lazima, bila kadi yake huendi.
Ya mafua ilikuwa hiari, tena kwa pesa.
Alizishika noti, akazigeuza, akazirudisha,
akanunua makobazi ya akiba.
"Yakapotea mlangoni mwa msikiti siku ya kwanza.
Yote mawili."

Hawa Driciru hakurudi na ndege ile.
Yuko hospitali ya huko, mashine inampumulia,
yeye aliyempa mama mkubwa shuka lake
usiku kiyoyozi kilipokuwa kama barafu.
Kila magharibi mama mkubwa anapiga simu Yumbe, kwa mwanawe.
Kila magharibi anajibiwa: bado.

Siku saba alijifungia.
Hakuna daktari aliyemtajia saba;
nadhani aliizoea hesabu,
mizunguko saba, vijiwe saba.
Mtaani maneno yalichemka bila moto.
Wapo walioapa kwamba Makka hakutoki maradhi.
Mzee Marajani, mwenye pumu, hakusema kitu;
alituma mkungu wa matoke na salamu ndefu.

Siku ya nne likaja tangazo, nikalipeleka mimi:
zamzam itagawiwa uani, kila mtu na kikombe chake.
Wakaja. Kikombe cha bati, glasi ya harusi ya mtu,
mfuniko wa chupa ya chai,
bilauri ya kampeni, sura ya mheshimiwa imeshafutika.
Nilimimina mimi, nimefunga mdomo kwa kitambaa,
yeye akiomba dua nyuma ya wavu wa dirisha,
akiwataja jina kwa jina, hata waliomsengenya.
Hao aliwataja kwanza.

Fadmula alikuja mwisho, hana kikombe.
Aliiweka tabaga nyekundu chini ya dirisha,
akarudi nyuma hatua tatu, akazihesabu,
akasimama pale hadi adhana.
Sikusikia waliloambiana, ni Kinubi cha chini chini,
ila mara moja wote wawili walicheka
na mmoja tu ndiye aliyekohoa.

Sasa ni usiku wa tano.
Galoni limebaki kidole kimoja cha maji.
Nimelala chali, watoto wa dada wamenizunguka
mito imegusana,
na koo langu linawasha.
Nimekohoa. Mara moja.
Nimekaa kimya, nasikiliza,
kisha nimeamka taratibu, nimekunja mkeka wangu,
nimeuburuta hadi barazani.